Uzi: Kijani cha ukuta wa birika ni ukoga tu? Ngeli za vigoga na meno yasiyoonekana kwa macho

MwanaMkomani (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, wanajamvi.

Wiki iliyopita fundi alikuja nyumbani kwetu Mkomani kukwangua ukuta wa birika ili aupake chokaa upya, na kabla hajagusa kitu nilimwomba anipe nusu saa. Alinitazama kama mtu anayeombwa asubiri watu waagane na uchafu. Nilitaka nusu saa hiyo kwa sababu masika ya mwaka huu yameuacha ukuta ule, ambao ni wa mawe ya matumbawe kama kuta nyingi za mji wetu wa Lamu, umevaa rangi ambazo sote nyumbani tunaziita kwa jina moja, ukoga, nami nilikuwa nimekwisha kushuku kwamba jina hilo limebebeshwa mizigo isiyo yake.

Katika eneo lisilozidi shubiri moja nilikuta vitu vitatu. Cha kwanza, chini kabisa karibu na maji, kilikuwa utando mweusi wenye utelezi, usio na umbo lolote, ambao kidole kikipita huacha njia. Huo ndio ukoga wa haki: ni mkusanyiko wa mwani mdogo sana na sainobakteria. Cha pili kilikuwa gamba la rangi ya jivu, la mviringo, lililoshikamana na jiwe hata ukucha haukuliinua. Gamba hilo ni ushirika wa kuvu na mwani waishio pamoja kama kiumbe kimoja, jambo ambalo Simon Schwendener wa Uswisi alilitangaza katika miaka ya 1860 na wenziwe wengi wakalikataa kwa hasira. Cha tatu kilikuwa kama mto mdogo wa kulalia, wa kijani, laini mfano wa mahameli, na nilipoutazama kwa lenzi niliyoazima kwa sonara niliona msitu mzima, kila kijimti na shina lake, na kila shina na majani yake yaliyopangika. Hicho cha tatu ndicho mmea, nacho ndicho ninachotaka tukizungumzie.

Jina lenyewe lataka mapatano kwanza. Nimesikia watu wakikiita kuvumwani, wengine kigoga, na wanafunzi wetu husema mosi kwa kufuata Kiingereza. Neno kuvumwani limejieleza lenyewe, kwamba ni kuvu na mwani, na kwa hiyo mimi naliacha kwa lile gamba la jivu ambalo kweli ni kuvu na mwani. Mosi tayari ina kazi ya kuhesabia. Basi nitatumia kigoga, wingi vigoga, na mwenye neno bora zaidi alilete.

Nilibandua kipande cha ukubwa wa ukucha chini ya dirisha, mahali palipokuwa pamekauka. Majani yake yalikuwa yamejiviringisha kwa ndani kama mikeka iliyokunjwa baada ya hitima. Nikakidondoshea tone moja la maji, na kabla sijahesabu hadi ishirini majani yote yalikuwa yamekunjuka na kurudia kijani chake. Kigoga hakina mizizi ya kweli wala mishipa ya mti kama ya mwembe. Hushika jiwe kwa nyuzi nyembamba, hunywa maji kwa mwili mzima, na kikikauka hulala badala ya kufa.

Kipande kingine, nilichokitoa juu kidogo karibu na kidaka, kilikuwa na kitu ambacho cha kwanza hakikuwa nacho: vikonyo vyekundu, vyembamba kama unywele, vya urefu wa sentimita moja hivi, na kila kimoja kimebeba kifuko nchani. Kifuko hicho ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu. Kikiwa kichanga huvaa kofia. Kofia ikianguka, chini yake kuna kifuniko chenye ncha, mfano wa kawa ya ukili inayofunikia sinia. Kawa nayo ikiondoka, mdomoni mwa kifuko hubaki meno, na ya kigoga hiki yalikuwa nyuzi za rangi ya kutu zilizosokotwa pamoja. Nilipopuliza pumzi yangu yenye unyevu karibu nayo, msokoto ukalegea mbele ya macho yangu. Yalipokauka ukajikaza tena. Kwa mwendo huo spora, yaani vumbi la uzazi, hutolewa kwa kiasi wala hazimwagiki zote mara moja.

Sasa, msingi wa uainishaji wa vigoga umejengwa juu ya meno hayo, ambayo wengi wetu tutaishi na kufa bila kuyaona. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoipanga mimea mwaka 1753, aliviweka vigoga katika kundi la mimea ambayo ndoa yake imefichika, na kifuko akakidhania kuwa kiungo cha kiume kitoacho chavua kama cha ua. Aliyesahihisha alikuwa Johann Hedwig, daktari mzaliwa wa Transylvania aliyefanya kazi Chemnitz na kisha Leipzig. Kwa hadubini Hedwig alivionyesha viungo vya kiume na vya kike vya kigoga, vilivyojificha katikati ya majani, akathibitisha kwamba kifuko ni zao la ndoa hiyo. Kisha akaanza kuzipanga jenasi, yaani vikundi vya spishi zilizo karibu, kwa kuangalia meno: yapo au hayapo, ni mangapi, ni ya safu moja au mbili. Alifariki mwaka 1799, na kitabu chake kikuu kikachapishwa na mwanafunzi wake Schwägrichen mwaka 1801. Kazi hiyo ikawa ndiyo mwanzo rasmi wa majina ya vigoga, isipokuwa jamaa wa Sphagnum, kigoga cha vinamasi, ambao majina yao huanzia kwa Linnaeus.

Swali langu kwenu ni hili: mmewahi kuona meno hayo, na je, mnaona ni sawa kuugawa ulimwengu wa mimea kwa kitu kidogo kiasi hicho?

FundiChokaa

Wa aleikum salaam, Maalim. Mimi si fundi wako wa juzi, lakini ningekutazama vilevile.

Kazi yangu ni kuta, na kwa mkono wangu hivyo vitu vitatu nimevitenga zamani ingawa sikuwa na majina. Ule weusi hutoka kwa brashi na maji. Ile mito ya kijani hutoka vipande vipande kwa kwanguo, na nyuma yake hubaki vumbi la chokaa lenye unyevu. Gamba la jivu halitoki ila kwa patasi, na likitoka huondoka na ngozi ya jiwe. Kwa hiyo nakubali kwamba si kitu kimoja.

Nisichokielewa ni habari ya meno. Katika ukuta mmoja naona vigoga vyenye majani mafupi na vyenye majani marefu, vya kijani kibichi na vya rangi ya fedha. Kwa nini mtu ayaache majani, ambayo yapo mwaka mzima, ahangaike na kifuko ambacho huja msimu mmoja na pengine kisije kabisa?

MwanaMkomani

Fundi, umeuliza vizuri, tena umeuliza walichouliza wenyewe kwa muda mrefu.

Jani la kigoga lina unene wa seli moja tu katika sehemu kubwa yake, na maisha yake yote yamo katika mapambano na jua, upepo na chumvi. Kigoga kinachokaa ukutani penye jua kali hupata majani ya kujikunja, ncha nyeupe za kurudisha mwanga, au vijinundu juu ya seli, na vigoga visivyohusiana hata kidogo vinaweza kuifikia dawa ileile kwa sababu vimepatwa na shida ileile. Mashua na jahazi hufanana mbele kwa sababu zote hupasua maji, wala hatusemi zimechongwa na fundi mmoja. Meno ya kifuko yamefichwa chini ya kawa na kofia tangu yanapoanza kujengwa, na muundo wake hufuata jinsi seli zilivyogawanyika, hatua kwa hatua, ndani ya kifuko kichanga. Kwa hiyo yanabeba habari za ukoo kuliko habari za hali ya hewa. Mfaransa Philibert aliandika mfululizo wa makala juu ya meno haya kuanzia mwaka 1884, na baada yake Max Fleischer, aliyefanya kazi Java, na Brotherus wa Ufini waliupanga ulimwengu mzima wa vigoga kwa kuyazingatia.

Nitaeleza ngeli zenyewe, yaani makundi makubwa ya vigoga, jinsi zinavyopangwa siku hizi, lakini sitakaa sawa kwa kila moja, kwa kuwa nyingine zina spishi moja au mbili tu na zinaishi mbali na sisi.

Vigoga vyote ni divisheni moja, Bryophyta, yenye spishi zipatazo 12,000 au zaidi kidogo. Majina ya ngeli huishia na -opsida, ya oda na -ales, na ya familia na -aceae, kwa hiyo mtu akiuona mwisho wa neno anajua amesimama daraja gani. Ngeli zinazotambuliwa kwa kawaida ni nane. Sphagnopsida ni vigoga vya vinamasi, vinavyofyonza maji mara nyingi kuliko uzito wao na ambavyo mabaki yake, yakikusanyika kwa maelfu ya miaka, hufanya mboji ya peati. Hivyo havina meno kabisa: kifuko kikikauka husinyaa, hewa iliyomo hubanwa, kisha kawa hufyatuka na spora zikaruka zaidi ya sentimita 10. Andreaeopsida ni vyeusi, hupenda miamba isiyo na chokaa katika milima ya baridi, na kifuko chake hakina kawa wala meno, bali hupasuka kwa nyufa za ubavuni, kwa kawaida nne. Tusivitafute Lamu, maana hapa jiwe lote ni chokaa.

Polytrichopsida ndiyo ngeli ninayoipenda kuliko zote. Meno yake ni 32 au 64, mafupi, kila moja likiwa limejengwa kwa seli nzima zilizokufa, na katikati ya mdomo pametandwa ngozi nyembamba kama ya ngoma, ikishikwa na ncha za meno hayo. Spora hazina pa kupita ila katika vitundu vilivyo kati ya jino na jino, na kifuko kikitikiswa na upepo hunyunyiza. Yeyote aliyeshika mrashi arusini ameshakielewa kifuko hicho. Humo ndimo alimo Dawsonia wa Australia na New Zealand, ambaye hufikia kimo cha nusu mita, na kwa kigoga hilo ni jitu. Tetraphidopsida nayo ina meno ya seli nzima, ila ni manne tu.

Halafu ipo Bryopsida, yenye takriban asilimia 95 ya spishi zote, na humo ndimo vilimo karibu vigoga vyote utakavyovikwangua maishani mwako, Fundi. Meno ya ngeli hii hayafanywi na seli nzima. Seli za safu mbili zilizogusana huimarisha ukuta unaozitenga, kisha sehemu nyingine zote huoza, na kinachobaki ni vibamba vya ukuta ule, vyenye viungo kama vya mua. Kwa kuwa upande mmoja wa kibamba hunywa unyevu kuliko upande wa pili, jino hujipinda lenyewe. Ule msokoto niliouona ukilegea kwa pumzi yangu ulikuwa wa namna hiyo. Idadi ya asili ni meno 16, lakini yanaweza kupasuka yakawa 32, au kuungana mawili mawili.

Zilizobaki ni Andreaeobryopsida na Oedipodiopsida, ambazo kila moja ina spishi moja tu, tena za nchi za baridi, na Takakiopsida, ambayo ina kisa kinachostahili mahali pake.

BintiLangoni

Shikamoo Maalim, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Mimi ni mwanafunzi, na nina maswali mawili. La kwanza: shuleni tulifundishwa kwamba Bryophyta ni vigoga pamoja na hepatiki na mimea-pembe, yaani makundi mengine mawili ya mimea midogo kama hiyo, lakini Maalim ameandika kana kwamba Bryophyta ni vigoga peke yake. Nani amekosea? La pili: nyumbani huletwa kitu kutoka dukani kinachouzwa kama kigoga cha bahari, nacho husemwa kuwa ni dawa ya kila kitu. Kina meno hicho?

Nami naomba kisa cha Takakia.

MwanaMkomani

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la duka, kwa kuwa ni jepesi. Hakuna kigoga hata kimoja kinachoishi ndani ya maji ya bahari. Kinachouzwa kwa jina hilo ni mwani mwekundu, ukoo mmoja na mwani unaolimwa Kwale na Unguja, nao hauna jani, hauna kifuko, wala hauna meno. Jina limevuka bahari kwa Kiingereza likatukuta sisi tuna jina letu sahihi tangu zamani, tukaliacha. Habari ya dawa iulizwe kwa daktari.

Katika swali la kwanza hakuna aliyekosea. Jina Bryophyta lilitumika kwa makundi yote matatu, kisha likabanwa kwa vigoga tu, na hepatiki zikapewa divisheni ya Marchantiophyta, mimea-pembe ikapewa Anthocerotophyta. Sababu ni kwamba tofauti zao ni za ndani. Hepatiki, ambazo wazee wa Ulaya waliziita kwa jina la ini kwa umbo lake, hukikamilisha kifuko kwanza na kikonyo kikarefuka mwishoni kwa haraka. Kifuko hupasuka kwa kawaida pande nne na hakina meno. Kigoga hurefusha kikonyo mapema, nacho hubaki kigumu kwa wiki au miezi. Mimea-pembe hutoa kitu kama pembe kinachoendelea kukua kutoka chini huku kikipasuka juu. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba wa miaka ya karibuni umeyarudisha makundi haya matatu pamoja kama ndugu wa baba mmoja, hepatiki na vigoga wakiwa wamekaribiana zaidi, baada ya miongo kadhaa ya kuaminiwa kwamba kila moja lilijitenga kivyake. Kwa hiyo mwalimu wako yuko karibu na ukweli kuliko nilivyokuwa mimi miaka 20 iliyopita.

Sasa Takakia, nami nitapitia kwenye sarufi kwa kuwa ndiyo niliyoifundisha muda mwingi. Wataalamu wetu walichagua neno ngeli kwa daraja hili la viumbe, neno lilelile la sarufi, na sidhani kwamba walijua jinsi walivyolenga. Chukua neno kiboko. Likiwa peke yake juu ya karatasi, mtu atalipeleka moja kwa moja kwa kikombe na kitabu, maana ki- yake inaonekana na wingi wake ni viboko. Liingize katika sentensi: kiboko anakuja. Hapo upatanisho ndio unaosema, nao unasema A-WA. Umbo la neno lilikuwa mbele ya macho yako siku zote, lakini ulihitaji kulisubiri litende ndipo ulijue.

Takakia ni mmea mdogo wa milima yenye baridi na ukungu. Kipande cha Himalaya kilielezwa na Mwingereza William Mitten mwaka 1861, naye akakiweka kwenye jenasi ya hepatiki. Mwaka 1958 Wajapani Hattori na Inoue waliipa jenasi yake wenyewe, kwa heshima ya Noriwo Takaki, na bado ikahesabiwa kuwa hepatiki, ingawa ya ajabu. Majani yake ni kama vidole vidogo vya mviringo, hayakufanana na ya kigoga chochote, na hakuna aliyewahi kuiona ikiwa na kifuko. Mwaka 1990 ikapatikana katika visiwa vya Aleutian, Alaska, ikiwa imezaa. Kikonyo kilikuwa kigumu cha kudumu, kifuko kilikuwa na kofia, na kilifunguka kwa ufa mmoja uliozunguka kama parafujo. Taarifa ilipochapishwa mwaka 1993, Takakia ilihamia kwa vigoga na hatimaye ikapewa ngeli yake, ikiwa na spishi mbili tu. Zaidi ya karne nzima ilikuwa ikisomwa neno moja moja, hadi ilipotiwa kwenye sentensi.

MkaaziWaGede

Maalim, nakuandikia kutoka upande wa Malindi, ambako kila masika kuta za magofu ya Gede hugeuka kijani chini ya kivuli cha miti, na nimevifuata vigoga kwa lenzi kwa muda sasa. Nakuheshimu, ila uzi wako unayaamini meno kupita kiasi.

Nirudi kwenye ukuta wako mwenyewe. Kile kipande cha kwanza, chenye majani ya kujiviringisha kwa ndani na kufunguka kwa tone la maji, kwa maelezo yako kinaelekea Hyophila, kigoga kinachopenda mawe ya chokaa yenye unyevu karibu tropiki yote. Hicho cha pili, chenye nyuzi zilizosokotwa, kinaelekea Barbula, na jina hilo kwa Kilatini maana yake ni ndevu ndogo, kwa sababu ya nyuzi hizo hizo. Sithibitishi kwa maelezo tu; kuthibitisha kwataka hadubini na seli za jani. Lakini tukichukulia kwamba ndivyo, basi angalia: Hyophila na Barbula ni wa familia moja, Pottiaceae. Barbula ana nyuzi 32, na Hyophila hana jino hata moja. Angekuwa Hedwig amesimama birikani kwako, kwa kanuni yake ya meno angewatenganisha ndugu hao. Katika familia hiyo meno yamepotea mara nyingi, kwa koo mbalimbali, kila moja kwa wakati wake. Meno yakiwapo husema mengi. Yasipokuwapo hayasemi chochote, na hapo ndipo watu wa zamani walipoteleza.

Mfano wa pili ni mashuhuri zaidi. Kuna kigoga kidogo cha matope ambacho maabara nyingi hukifuga, na ambacho mwaka 2008 kilikuwa kigoga cha kwanza kusomwa vinasaba vyake vyote. Kilijulikana kwa jina la Physcomitrella patens. Kifuko chake karibu hakina kikonyo, hakina kawa, hakina meno, huvunjika tu ovyo, na kwa ajili hiyo kilipewa jenasi ya peke yake. Vinasaba vikaonyesha kwamba kimezaliwa ndani ya jenasi Physcomitrium na kilichofanya ni kupunguza viungo, kama mtu aliyenyoa ndevu akaonekana mgeni kwao. Sasa wengi huandika Physcomitrium patens, na maabara zililalamika sana, kwani jina la zamani lilikuwa limeshaingia kwenye maelfu ya makala.

Wa tatu yuko kwenye minazi na miembe. Nenda shambani, tazama shina la mnazi mkongwe upande wa kivuli, utafute mito yenye weupe kama chokaa iliyochanganywa na kijani. Huyo ni Octoblepharum albidum, mwenyeji wa pwani za tropiki duniani kote. Linnaeus alimwita Bryum, jina alilolitupia vigoga vingi. Hedwig akamtenga kwa meno yake, akamwita wa kope nane. Waliofuata wakamtazama majani, wakaona ni manene na yana seli nyeupe zilizokufa za kuhifadhi maji, wakampeleka kwa Leucobryaceae, familia ya vigoga vyeupe. Baadaye weupe huo ukaonekana ni vazi la kuazima, vigoga mbalimbali wamelivaa kila mmoja kwa shida zake, akahamishiwa kwa Calymperaceae. Na wapo leo wanaompa familia yake mwenyewe. Hapo Maalim unaweza kufurahi, kwa sababu majani ndiyo yaliyodanganya na kope nane za Hedwig zimebaki.

MwanaMkomani

Nimefurahi, tena nimesahihishwa, na vyote viwili nimevipokea. Nilichoandika juu ya ukoo na hali ya hewa kinasimama kwa meno yaliyopo, ila kwa meno yaliyopotea naondoa neno langu. Kukosa kitu si sifa ya kumuunganishia mtu na mwingine. Maskini wawili hawawi ndugu kwa sababu mifuko yao yote ni mitupu.

Bado nitashikilia jambo moja. Vinasaba vilipokuja, mgawanyo mkubwa wa meno, yaani ya seli nzima kwa upande mmoja na ya vibamba vya ukuta kwa upande mwingine, haukuvunjika. Ngeli ya Bryopsida imesimama karibu pale pale alipoiona mtu mwenye hadubini ya shaba na taa ya mafuta. Yaliyobomoka ni mengi ya vyumba vya ndani, jenasi na familia, lakini boriti za nyumba ni zile zile.

FundiChokaa

Basi kwa faida yetu tusiokuwa na hadubini: nikikuta kigoga chenye kifuko kazini, nikihifadhi vipi mpaka kimfikie mtu wa kukitazama? Maana mara mbili nimetia kwenye mfuko wa plastiki na mara mbili kimeoza.

MkaaziWaGede

Plastiki ndiyo iliyokuponza, Fundi. Kigoga hakitaki kubanwa wala kugandamizwa kama jani la mwembe. Kunja bahasha ya karatasi ya kawaida, kitie humo pamoja na kipande kidogo cha kitu kilichokuwa kikiota juu yake, kiache kikauke kivulini. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali, kimo kutoka chini, na uso wenyewe: jiwe la matumbawe, chokaa, saruji, shina la mnazi au udongo. Hilo la uso usilisahau, kwa kuwa wapo wanaoota kwenye chokaa tu na wapo wasioivumilia kabisa. Kikikauka hivyo kitakaa miaka mingi, na tone la maji litakunjua majani yake tena ili yasomwe. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye makumbusho ya taifa, Nairobi, hutunza vielelezo kwa njia iyo hiyo.

Usisahau kuchukua vifuko vya rika zote: vyenye kofia, vyenye kawa, na vilivyofunguka. Kilichofunguka zamani meno yake huwa yamekatika.

BintiLangoni

Ijumaa nilikwenda shambani kwa mjomba, ng'ambo, nikiwa na lenzi ya sonara yule yule (alicheka, lakini alinipa). Mnazi wa kwanza ulikuwa na magamba ya jivu peke yake. Wa pili haukuwa na kitu. Wa tatu, ulioinama juu ya kisima, ulikuwa na mto mweupe-kijani wa upana wa kiganja, majani manene yanayokatika kwa kuguswa, na katikati yake vikonyo vifupi vya rangi ya asali visivyozidi kumi. Sita bado vilikuwa na kawa. Vitatu vilikuwa vimezeeka. Kimoja kilikuwa kimefunguka.

Bibi alikuwa amekaa kisimani akinisubiri, nikamwita kwa Kiamu chetu, "Ndoo uone." Akasema mato yake hayaoni kitu cha namna hiyo, nikamshikia lenzi, akakaa kimya kwa muda, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti. Nami nimehesabu mara tatu baada yake. Ni manane.